Maji ya ngamani: kisa cha Suhaili, Atlantiki 1968

Robin Knox-Johnston alikuwa amevipita visiwa vya Cape Verde, katikati ya mwaka 1968, alipokubali kwamba chombo chake, Suhaili, kinakunywa maji kuliko inavyopasa. Ili ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika, isijae, alilazimika kupiga pampu mara mbili kwa siku. Alikuwa peke yake, katika mashindano ya Golden Globe, safari ndiyo kwanza imeanza, na mbele yake kulikuwa na Rasi ya Tumaini Jema, bahari yote ya kusini na Cape Horn, kisha arudi Falmouth, Uingereza, alikong'oa nanga tarehe 14 Juni, bila kutia mguu nchi kavu popote. Tunajua alifika. Ilikuwa 22 Aprili 1969, naye akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga, peke yake, bila kusimama. Ushujaa wake umeandikwa sana na sina la kuongeza. Nataka kuichungulia ngama yake tu, kwa sababu namna alivyolishughulikia lile tatizo inamfaa yeyote aliye na chombo cha tanga cha mbao kilichokula chumvi.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Suhaili ina milingoti miwili na urefu wa futi 32, karibu mita 10. Iliundwa Bombay, ambayo leo ni Mumbai, kwa mbao za msaji, ikashushwa majini Desemba 1964. Mchoro wake ulitokana na kazi za miaka ya 1920 za Mmarekani William Atkin: omo, yaani mbele, imechongoka na tezi, yaani nyuma, imechongoka vilevile, tumbo pana, mwendo wa pole. Mafundi waliichonga kwa tezo na kutoboa kwa keke za uta, vifaa ambavyo fundi wa Lamu au Nungwi asingeviona vigeni. Kwa kalenda ilikuwa changa, haijatimiza hata miaka minne. Lakini Knox-Johnston alikuwa ameshaiteremsha Bahari ya Hindi hadi Durban, kisha akaivusha kutoka Cape Town hadi London mfululizo. Umri wa mbao hupimwa kwa misukosuko iliyopita katika maungio yake, na Suhaili ilikuwa na misukosuko ya kutosha.

Kuna jambo jingine la umbile ambalo ndilo msingi wa kisa hiki. Chini ya mkuku wa vyombo vya aina hii, ule mti mkuu unaopita chini kabisa tangu omo hadi tezi, hufungwa chuma kizito kwa bolti, ili chombo kisipinduke. Jahazi letu halina kitu hicho. Uzito wake ni farumi, yaani mawe au mchanga wa kukitia uzito, au shehena iliyolala ndani, juu ya mataruma, zile mbavu za chombo, na kinacholitesa zaidi sehemu za chini ni kupweleka: maji yanakupwa, chombo kinakaa mchangani, mkuku unabeba kila kitu. Kwa Suhaili mambo ni kinyume. Chombo kinapolala upande kwa upepo, kile chuma kinaning'inia na kuvuta kuelekea chini, na nguvu yote ya mvuto inapita mahali pamoja pembamba: pale ubao wa kwanza kabisa unaposhikana na mkuku. Kila wimbi, kila mrama, mahali hapo panavutwa na kuachiwa. Mtu akiniuliza chombo cha mbao chenye chuma cha kuning'inia kinavuja wapi, nitamwambia aanze kutazama hapo kabla hajaniambia jambo jingine lolote.

Alichokiona chini ya maji

Knox-Johnston alisubiri bahari itulie, akashuka na barakoa ya kupigia mbizi. Akakuta ufa kati ya mkuku na ubao wa kwanza, urefu wa kama futi 8, yaani mita 2 na nusu kasoro, na upande wa pili vivyo hivyo. Palikuwa na kina cha kama mita moja na nusu kutoka usoni mwa maji. Zaidi ya hayo, chombo kilipokuwa kikiyumba aliuona ule ufa ukifunguka na kufunga.

Hapa inafaa tupige hesabu ndogo, maana inaonyesha jambo ambalo jicho peke yake halilioni. Kwenye kina cha mita moja na nusu, maji hupenya tundu kwa kasi ya zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Tuseme ufa wa upande mmoja tu ungekuwa wazi kabisa, nusu milimita kwa mita 2.4, muda wote. Hata tukipunguza kwa sababu maji hubanwa yanapoingia penye wembamba, tunapata karibu lita 4 kwa sekunde, ambazo kwa saa ni lita 14,000. Hakuna mtu mmoja mwenye pampu ya mkono anayeweza kushindana na hilo. Suhaili ingekuwa imezama kabla hajavaa barakoa. Yeye alikuwa akipiga pampu mara mbili kwa siku. Kwa hiyo ufa ule haukuwa wazi wote. Pamba ya kalafati, ile inayosindiliwa katika mishono ya mbao kuzuia maji, ilikuwa bado imo kwa sehemu kubwa, imelegea au imeliwa ukingoni, na maji yaliingia kidogo kidogo kila chombo kilipojinyoosha. Ufa wenye sura ya kutisha ulikuwa unavujisha sehemu ndogo sana ya uwezo wake.

Naliona hilo kuwa muhimu kwa sababu mwenye chombo huogopa anachokiona badala ya kuogopa anachokipima. Ufa mrefu humtia kiwewe, na wakati huohuo tundu la bolti moja iliyooza, lisiloonekana, linamjazia ngama usiku kucha. Kipimo cha kweli ni idadi ya mipigo ya pampu kwa siku, imeandikwa kwenye daftari, pamoja na hali ya bahari siku hiyo. Tundu la upana wa milimita 25 kwenye kina cha sentimita 60 tu huingiza karibu lita 60 kwa dakika. Huo ni upana wa bomba la kawaida linalotoboa ubavu wa chombo kwa ajili ya sinki au choo, na watu huliacha valvu yake ikaliwa na kutu miaka bila kuigusa.

Mifupa au pamba?

Baharia mwenye haraka angeshika nyundo hapohapo. Knox-Johnston alijiuliza kwanza swali la kutisha zaidi: ufa unafunguka na kufunga kwa sababu kalafati imetoka, au kwa sababu vipande vizito vinavyofunga mataruma kwenye mkuku vimeanza kulegea? Majibu mawili haya yana mwisho tofauti. Ikiwa ni kalafati, hilo ni tatizo la ngozi na hutibika. Ikiwa ni vifungo vya mataruma, mifupa inaachana, na hata ukiziba ufa kwa dhahabu, kwenye mawimbi ya kusini mkuku unaweza kwenda zake na chuma chake. Hilo likiwa ndilo jibu, bandari ya karibu ndiyo mwisho wa mashindano.

Akarudi chomboni, akashuka ngamani, akakagua kifungo kimoja baada ya kingine. Vikaonekana vimeshika. Hapo ndipo alipoamua kuziba na kuendelea.

Kwa maoni yangu ukaguzi ule ndio uliookoa safari, kuliko hata ile kazi ya chini ya maji. Na ndio watu wengi wanaouruka. Wanaona maji, wanapiga kalafati. Mwaka ujao wanaona maji, wanapiga kalafati tena, kila mara wakisukuma pamba nyingi zaidi kwa nguvu zaidi, mpaka mbao zenyewe zinasukumwa mbali na misumari inang'oka kwenye mataruma. Ukiona fundi amepiga kalafati mshono mmoja mara mbili na umerudi kuvuja, mwambie aweke nyundo chini, aingie ndani.

Namna ya kukagua ni rahisi na haigharimu. Chukua penseli, chora mstari mmoja ulionyooka unaokatiza kifungo na taruma lake, fanya hivyo kila mahali unapofikia. Kisha tweka tanga, nenda joshi, yaani kuukaribia upepo, kwenye bahari yenye mawimbi kiasi. Ukirudi, tazama mistari. Uliokatika vipande viwili visivyolingana unakuonyesha mbao zilizotembea. Tazama pia vichwa vya misumari na bolti: doa jeusi au la kutu linaloshuka kwenye ubao ni dalili kwamba maji yanafuata chuma ndani ya mti, na chuma hicho huenda kimebaki nusu ya unene wake. Mwisho, ng'oa bolti moja ya mkuku uitazame. Moja tu. Watu wanaliogopa hilo, na ninawaelewa, lakini bolti iliyolika katikati kama kiuno cha nyigu haiwezi kuonekana kwa kutazama kichwa chake kilichong'aa.

Dawa yenyewe

Alianza kwa njia ya kawaida: pamba iliyosokotwa, nyundo, na chuma cha kalafati. Haikufaa. Kazi ile inahitaji mipigo mingi ya taratibu, na yeye alikuwa anabana pumzi kina cha mita moja na nusu, chombo kikipanda na kushuka juu ya kichwa chake. Kabla pamba haijashika, pumzi imekwisha. Akipanda kuvuta hewa, pamba inatoka.

Akabadili mbinu. Ndani, penye ukavu, alikata ukanda mwembamba wa turubai wenye urefu wa kuufunika ufa, akaishona pamba juu yake, akaupaka wote lami ya msonobari, kisha akapenyeza misumari midogo ya shaba kwa nafasi ili chini ya maji abaki na kazi ya kugonga tu. Kumbuka mgawanyo huu wa kazi. Kila jambo linalohitaji subira alilifanya juu. Chini ya maji aliacha jambo moja linalowezekana ndani ya pumzi moja. Akavaa shati na suruali za rangi nzito ili weupe wa mwili wake usiwavute papa. Alikuja papa hata hivyo. Akapanda chomboni akasubiri, na yule samaki alipokataa kuondoka akampiga risasi, akangoja kuona kama damu italeta wengine, kisha akarudi majini kuendelea na misumari. Juu ya turubai akapigilia ukanda wa shaba uliokuwamo chomboni, uliobaki kwa mafundi wa redio. Upande wa pili aliufanya baadaye, bahari ilipotulia tena.

Uvujaji ukapungua sana, na kiraka kikaenda naye.

Kwa nini kilishika? Kwa kanuni za fundi mwenye chombo gadini, yaani kilichoegemezwa nchi kavu, kazi ile ni ya ovyo. Pamba inatakiwa iingie ndani ya mshono, ibanwe, ifunikwe kwa rangi au lami. Yake ilikaa juu, nje, imeegemea ufa. Lakini tazama nguvu zinaelekea wapi. Kiraka kilicho nje kinasukumwa na bahari kuelekea ndani. Kadiri kina kinavyozidi ndivyo kinavyobanwa. Turubai inakubali kupinda ufa unapofunguka, na ufa unapofunga hakuna kitu kigumu katikati cha kuzitenganisha mbao. Alikubali kwamba mbao zitatembea, akaweka kitu kinachotembea nazo. Angekuwa na gundi ya kisasa inayokauka ikawa jiwe, akaijaza ufa mzima, sidhani ingemfikisha mbali: mbao zinapovimba au kujifunga zikikutana na jiwe, kinachokubali kushindwa ni msumari au taruma.

Mafundi wetu wanalijua hili bila kulifanyia hesabu. Pamba yenye mafuta ndani ya mshono, na chini ya tumbo la jahazi deheni ya chokaa na mafuta, ni vitu vinavyobaki laini. Havidumu, vinarudiwa msimu baada ya msimu. Siku hizi naona vyombo vinajazwa gundi ya vikopo viwili katika mishono ya chini ya maji, kwa sababu muuzaji amesema hutaigusa miaka kumi. Kwenye chombo cha nyuzi za kioo sina ugomvi nayo. Kwenye mbao zilizopangwa ubao kwa ubao, iogope.

Na ile shaba? Ilifaa kwa safari moja, na shaba ina faida ya kuwakataa minyoo wanaotoboa mbao. Lakini asije mtu akaiga bila kutazama chombo chake kimefungwa kwa misumari gani. Shaba na chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho huliwa. Ukipigilia mkanda wa shaba juu ya misumari ya chuma umeziba maji ya mwaka huu na kuita maji ya mwaka kesho.

Maji yanayotoka juu

Kisa hakikuishia kwenye mkuku. Septemba 1968, Suhaili ilipoingia bahari ya kusini, wimbi liliilaza ubavu. Ikasimama tena, lakini nyumba ya juu ya sitaha ilikuwa imesogea mahali pake na maji yakawa yanaingia kwenye maungio yake. Muda si mrefu akagundua maji ya kunywa kwenye matangi yameharibika, na tangu hapo akategemea sana mvua. Hapa sasa ngama inapokea maji ya juu, na mtu anayehesabu mipigo ya pampu bila kuuliza yametoka wapi angedhani kiraka chake kimeachia.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba kuonja ni hatua ya kwanza. Chovya kidole, onja. Ya chumvi yametoka baharini, ingawa si lazima kutoka chini; mawimbi yanayopiga sitaha ni chumvi vilevile. Yasiyo na chumvi ni mvua, au tangi, au barafu iliyoyeyuka kwenye sanduku la samaki. Kisha uliza yanakuja lini. Yakija chombo kikiwa kimetia nanga bandarini tu, tazama mabomba na valvu. Yakija mashine inapowashwa, tazama pale shafti ya rafadha inapopenya tezi: vifungio vya zamani vya kamba yenye grisi vinatakiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, na mtu akivikaza mpaka vikauke kabisa atachoma shafti. Yakija kwenye kubisha tu, yaani kwenda mbele dhidi ya upepo, na upande mmoja zaidi ya mwingine, mbao au maungio ya sitaha na ubavu ya upande unaolala ndiyo ya kutuhumiwa.

Ukishajua lini, tafuta wapi. Kausha ngama kwa sifongo mpaka chini kabisa. Jenga vizuizi vidogo vya udongo mfinyanzi kukatiza ngama vyumba vyumba, ili ujue chumba kipi kinajaa kwanza. Nyunyiza unga wa chaki kwenye mishono, keti na tochi. Maji yatauandika mchirizi wake mwenyewe. Kazi hii inachosha na wengi hawaifanyi. Wananunua pampu.

Pampu nayo nisiitukane, maana ndiyo inayonunua muda. Lakini pampu ya umeme yenye swichi ya kuelea ni kama panadoli: inashusha homa, na kwa kuishusha inakufanya usiende hospitali. Chombo kimefungwa gatini, betri inachajiwa, pampu inajiwasha usiku kila saa, mwenyewe amelala mjini akijivunia ngama kavu. Siku betri inapokufa anapigiwa simu. Ukiiweka, iwekee kihesabio kinachoonyesha imewaka mara ngapi. Na zile lita kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa bila bomba na bila mwinuko. Ukiinyanyulia maji mita moja na nusu kupitia bomba lenye kona, utapata pungufu sana. Pampu ya mkono ibaki, iwe mahali unapoifikia ukiwa umeshika usukani. Na ndoo.

Kuhusu ndoo, katika mashindano yaleyale ya Golden Globe, yaliyoandaliwa na gazeti la Sunday Times, kulikuwa na chombo kingine ambacho kisa chake cha ngama ni kibaya zaidi. Donald Crowhurst alitoka Teignmouth tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, kwa Teignmouth Electron, chombo kipya cha matumbo matatu cha futi 40, kilichomaliziwa kwa pupa. Kifuniko cha tumbo la kushoto kikaanza kupitisha maji. Pampu ilikuwapo, lakini mpira wa kuvutia maji kutoka matumboni haukuwa umepakiwa. Akabaki na ndoo, kwenye vifuniko ambavyo huwezi kuvifungua mawimbi yanapopanda. Yaliyofuata ni marefu na ya huzuni. Chombo kilikutwa Julai 1969 kikielea bila mtu, na Knox-Johnston, aliyekuwa wa pekee kumaliza kati ya tisa, akaitolea familia ya marehemu zawadi yake ya pauni 5,000. Ninachokitoa hapo kwa ajili ya mada yetu ni kidogo tu: chombo kipya kilikuwa na ngama ya hatari kuliko cha zamani kinachovuja, kwa sababu cha zamani kilikuwa na mtu aliyekwisha kuingia ndani yake akapajua kila mahali, na pampu iliyokwisha kutumika.

Vitundu vya chini ya mataruma ni jambo dogo linalosahaulika. Kati ya taruma na taruma maji hutakiwa kupita kuelekea penye pampu. Vikizibwa na vumbi la mbao, nywele na mafuta ya mashine, maji hukwama kwenye vyumba vya mbele, pampu inavuta hewa, nawe unaamini ngama ni kavu. Pitisha mnyororo mwembamba kwenye vitundu vyote tangu omo hadi kwenye kisima cha pampu, uuache humo; ukivuta mbele na nyuma mara moja kwa wiki unasafisha kila kitu. Maji yaliyokwama yakiwa ya mvua ndiyo mabaya kabisa. Chumvi huzuia ukungu unaoozesha mti. Maji matamu huulisha. Nimeona mabaharia wakihangaikia chozi la chumvi mkukuni huku sitaha inadondosha mvua juu ya vichwa vya mataruma, mahali hewa haifiki, ambapo uozo unaanza na hakuna anayeunusa mpaka ubao unabonyea kwa kidole.

Ukavu uliozidi

Knox-Johnston hakuiacha Suhaili. Mwaka 1991 aliipeleka Greenland. Baadaye ikawekwa katika Jumba la Makumbusho ya Bahari la Taifa, Greenwich, ndani ya ukumbi ambao hewa yake inadhibitiwa ili vitu vya kale visiharibike. Kwa picha za kuchora na dira za zamani hewa hiyo ni nzuri. Mbao za Suhaili zikaanza kusinyaa. Chombo kilichokuwa kimeshinda bahari ya kusini kikawa kinafunguka mishono kwa kukosa maji, na mwaka 2002 mwenyewe akakiondoa, kikafanyiwa matengenezo, kikarudi baharini. Tarehe 14 Juni 2018, miaka 50 kamili tangu kilipoondoka, kilikuwa Falmouth, kinaelea.

Kwa hiyo anayetaka ngama kavu kwenye chombo cha mbao ajiulize anataka kavu ya namna gani. Juu ya ngama, penye vichwa vya mataruma na chini ya sitaha, pawe pakavu kabisa na penye hewa. Chini, kwenye mkuku na ubao wa kwanza, unyevu wa chumvi uachwe; mbao hizo zinaziba kwa sababu zimevimba, na zimevimba kwa sababu zimelowa. Chombo kikikaa nchi kavu kwa matengenezo wakati wa kaskazi, jua na upepo vikilipiga tumbo, mishono itafunguka hata iingize kucha, na mwenyewe atashawishika kuijaza pamba. Asiijaze. Zikirudi majini mbao zitadai nafasi yao na kuisukuma ile pamba ya ziada, au kusukumana zenyewe.

Kitundikie magunia yaliyolowa maji ya bahari kwenye ubavu wenye jua. Siku chache kabla ya kukishusha, mimina ndoo kadhaa za maji ya chumvi ngamani, yaache yakae, ongeza yanaponywewa, na usitishike yakichuruzika nje kwenye mishono siku ya kwanza. Kikishaelea, usikiache peke yake usiku huo wala unaofuata. Weka pampu mbili, daftari, na mtu wa kukesha, na uandike mipigo kila saa. Idadi ikishuka asubuhi kuliko ilivyokuwa magharibi, mbao zinafunga. Isiposhuka baada ya siku tatu, kirudishe juu, uanze na penseli.